Goti bandia likishaambukizwa: je, mwanamke na mwanaume hupona sawa?

Mtu akibadilishiwa goti, kisha baada ya miezi kadhaa goti likaanza kuvimba na kutoa usaha, maneno hayakosi. Jirani atasema mwili umekikataa chuma. Shemeji atasema wanawake ndivyo walivyo, miili yao haipatani na vitu vya kuwekewa. Mwingine kasoma mtandaoni kwamba walio hatarini zaidi ni wanaume, na habari yenyewe anayo kwenye simu. Kesho yake inatumwa habari nyingine isemayo matibabu ya maambukizi haya huwagomea zaidi wanawake, na kundi zima la WhatsApp linabaki linauliza lishike lipi.

Ajabu ni kwamba habari hizo mbili zinaweza zote kuwa zimetoka kwenye tafiti za kweli. Shida ni kwamba zinajibu maswali tofauti. Nani huambukizwa ni swali moja. Nani hupona akishaambukizwa ni swali la pili. La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahauliwa sana, ni nani anafikishwa kwa daktari mapema na akifika anapewa nini. Ukiyachanganya maswali haya matatu utapata ubishi usiokwisha.

Kwanza tujue tunazungumzia nini

Kubadilisha kiungo ni kuondoa gegedu na sehemu ya mfupa iliyoharibika, mara nyingi kwenye goti au nyonga, na kuweka kiungo bandia cha chuma na plastiki ngumu. Wakati mwingine kiungo hicho hugandishwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu. Mtu anayetajwa sana katika historia ya nyonga bandia ni daktari Mwingereza John Charnley, ambaye mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, alianza kutumia plastiki ya aina ambayo vizazi vyake vinatumika mpaka leo. Charnley huyo huyo alikumbana na maambukizi uso kwa uso: mwanzoni yaliwapata karibu wagonjwa 7 katika kila 100. Akatengeneza chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa, akabadilisha mavazi ya wapasuaji, na idadi ikashuka hadi chini ya 1 katika 100.

Siku hizi, katika nchi zenye kumbukumbu nzuri, maambukizi huwapata mtu 1 au 2 katika kila 100 baada ya upasuaji wa kwanza, na huongezeka kwa wale wanaofanyiwa upasuaji wa kurudia. Kwa hiyo wengi mno hawayapati kabisa. Lakini anayeyapata huyaona.

Hili la mwili kukataa chuma tulimalize mapema. Mwili hukataa kiungo hai cha mtu mwingine, kama vile figo la kupandikizwa, kwa sababu kinga inazitambua chembe zake kuwa ni za mgeni. Chuma hakina chembe hai. Wapo watu wachache wenye mzio wa madini kama nikeli, lakini mzio hautoi usaha. Goti linalotoa usaha lina bakteria, iwe ni la mwanamke au la mwanaume.

Kwa nini dawa peke yake haitoshi

Bakteria wakitua juu ya chuma hawabaki wakielea. Hujishikiza, huzaliana, halafu hujifunika kwa utando wanaoutengeneza wenyewe. Fikiria pipa la maji ambalo halijasuguliwa muda mrefu. Ukimwaga maji yote na kujaza mapya yenye dawa, maji yataonekana safi, lakini ukipitisha mkono kwenye ukuta wa pipa utagusa utelezi uleule. Ndivyo ilivyo kwa kiungo bandia: dawa iliyo kwenye damu huwaua bakteria wanaoelea, mgonjwa hupata nafuu, homa hushuka, na wale waliojificha ndani ya utando husubiri. Dawa ikiisha, huanza upya.

Ndiyo maana matibabu karibu yote huanzia chumba cha upasuaji. Maambukizi yakigunduliwa mapema, kabla utando haujakomaa, daktari anaweza kufungua, kuosha kwa kina, kukata nyama iliyooza, kubadilisha zile sehemu za plastiki zinazotoka, na kukiacha chuma mahali pake. Yakichelewa, chuma chenyewe hung'olewa. Baadhi ya madaktari hung'oa na kuweka kingine siku ileile, utaratibu uliopata sifa Hamburg, Ujerumani, kupitia kazi ya Hans Wilhelm Buchholz, mtu anayekumbukwa pia kwa kuchanganya antibiotiki kwenye saruji ya mifupa. Wengine hung'oa, huweka kiziba nafasi chenye dawa kwa wiki au miezi, kisha hurudi kuweka kiungo kipya.

Baada ya hapo ni dawa, na si za siku tano. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa takribani 400 waliogawanywa kwa kura: nusu dawa wiki 6, nusu wiki 12. Waliotumia wiki 6, maambukizi yalibaki kwa asilimia 18. Waliotumia wiki 12, asilimia 9. Naomba ukumbuke idadi hiyo ya wagonjwa 400, tutairudia.

Swali la kwanza: nani huambukizwa

Hapa jibu limenyooka kiasi. Tafiti kubwa, zikiwemo za kumbukumbu za kitaifa za Uingereza na Wales, zinaonyesha kwamba wanaume huambukizwa zaidi kuliko wanawake, kwenye nyonga na kwenye goti pia. Na hii ni ingawa wanawake ndio wengi wanaobadilishiwa viungo hivi. Katika nchi nyingi za Magharibi ni kama 6 katika kila 10.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Bakteria aina ya stafilokoka aureusi, ambaye ni msumbufu namba moja wa viungo bandia, huishi puani mwa watu wengi bila kuwadhuru, na wanaume hubeba bakteria huyo zaidi. Ngozi ya mwanaume, hasa maeneo ya bega na mgongo wa juu, ina mafuta mengi na bakteria wengi wa vinyweleo. Ndiyo maana kwenye bega bandia pengo kati ya jinsi mbili ni kubwa zaidi kuliko kwenye goti. Ongeza sigara, ambayo bado ni tabia ya wanaume zaidi, na ongeza kinga ya mwili. Wanawake wana kromosomu X mbili, na baadhi ya jeni za kinga ziko kwenye kromosomu hiyo. Homoni ya estrojeni nayo huchangia. Kwa jumla kinga ya mwanamke huitikia kwa nguvu zaidi. Faida hiyo ina bei yake: kinga hiyohiyo kali ndiyo huugeukia mwili, na baridi yabisi, ugonjwa wa kinga kushambulia viungo, huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Kuna imani inayowatesa akina mama bure, kwamba goti huambukizwa kutokana na UTI. Wapo wanaopewa antibiotiki kabla ya upasuaji kwa sababu tu kipimo kimeonyesha bakteria kwenye mkojo, hali hawana dalili yoyote. Watafiti waliolichunguza hili waligundua kwamba bakteria wanaokutwa baadaye kwenye kiungo kwa kawaida si wale waliokuwa kwenye mkojo, na kwamba kuwatibu watu wasio na dalili hakukupunguza maambukizi ya kiungo. Mkojo unaouma na wenye dalili utibiwe, hilo ni jambo jingine.

Swali la pili: nani hupona

Hapa ndipo uzi unapojifunga mafundo.

Madaktari wana vipimo vya alama vya kukadiria uwezekano wa matibabu kushindwa pale chuma kinapoachwa ndani. Viwili vinajulikana sana. Kimoja kilitoka Barcelona mwaka 2015, nacho huitwa KLIC. Kinahesabu ugonjwa sugu wa figo, ini lililosinyaa, kama kiungo kiliwekwa kwa sababu ya kuvunjika au upasuaji wa kurudia, kama kiliwekwa kwa saruji, na kiwango cha CRP kwenye damu, ambacho ni kipimo cha uvimbe mwilini. Jinsi ya mgonjwa haimo kabisa. Haikuonekana kuongeza kitu.

Cha pili, CRIME80, kilitolewa mwaka 2019 kwa ajili ya maambukizi yanayoingia ghafla kupitia damu, miezi au miaka baada ya upasuaji. Humo, kuwa mwanaume kunakupa alama moja ya hatari. Sasa tazama jirani zake: baridi yabisi ni alama 3, kiungo kilichowekwa kwa sababu ya mfupa kuvunjika ni alama 3, ugonjwa sugu wa mapafu ni alama 2, na kuvuka umri wa miaka 80 ni alama 2. Kwa hiyo hata pale jinsi inapohesabiwa, inakaa mkiani. Tena bibi mwenye baridi yabisi aliyevunjika nyonga ana alama 6 mkononi kabla hata hujafika kwenye jinsi yake, wakati mwanaume mwenye afya ana moja tu. Anayesema wanaume hupona vibaya na anayesema wanawake hupona vibaya wanaweza kuwa wamekaa kwenye wodi moja, wakiangalia vitanda tofauti.

Hapo tunarudi kwenye idadi. Tuseme hospitali moja imetibu wagonjwa 60, wanawake 30 na wanaume 30. Wanawake waliopona ni 21, wanaume ni 24. Kwa asilimia inasikika vizuri sana kwenye kichwa cha habari: 70 kwa 80! Lakini tofauti yenyewe ni watu watatu. Watatu hao wangepata bakteria mpole zaidi, au wangefika hospitali wiki moja mapema, habari nzima ingefutika. Ili uwe na uhakika wa kutosha kwamba tofauti ya 70 kwa 80 si bahati tu, unahitaji karibu wagonjwa 300 kila upande. Jaribio la Ufaransa, lililokusanya wagonjwa kutoka hospitali nyingi kwa miaka, lilipata takribani 400 wote kwa pamoja, na halikuundwa ili kulinganisha wanawake na wanaume. Ugonjwa huu, nashukuru, ni adimu. Uadimu huo ndio unaoufanya uwe mgumu kuutafiti.

Mfano mzuri wa madhara ya idadi ndogo ni dawa ya rifampisini, ambayo huweza kupenya ule utando. Mwaka 1998 Waswisi walichapisha jaribio ambalo wagonjwa waliomaliza dawa wakiwa na rifampisini walipona wote 12, na wasio nayo walipona 7 kati ya 12. Dunia ikaipokea. Mwaka 2020 Wanorwe wakarudia kwa wagonjwa 48 na hawakuona tofauti: waliopona walikuwa zaidi kidogo ya 7 katika kila 10 pande zote mbili. Ikiwa dawa yenyewe bado inabishaniwa baada ya miaka zaidi ya 20, basi habari inayotangaza jinsi ipi hupona zaidi kwa kutumia wagonjwa wa hospitali moja isomwe kwa jicho la kando.

Hii haina maana kwamba hakuna tofauti. Kuna sehemu ambako nadhani tofauti ipo, na kwa mwelekeo ambao wengi hawautarajii. Kwenye maambukizi ya stafilokoka aureusi yaliyoingia kwenye damu, wanaume ndio wengi wanaoyapata, lakini tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba wanawake wakishayapata hufa zaidi kidogo. Kupata na kupona, narudia, ni mambo mawili.

Dawa nazo. Dozi nyingi ziliwekwa bila kujali kwamba mwanamke wa kawaida ana uzito mdogo na figo zake husafisha dawa nyingine polepole zaidi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi ya zolpidemu, dawa ya usingizi, ipunguzwe nusu kwa wanawake kwa sababu ilikuwa inabaki mwilini mwao hadi asubuhi. Dawa hiyo ilikuwa imeshauzwa miaka 20! Antibiotiki za viungo bandia hutumika kwa wiki nyingi, na kwa jumla wanawake hupata madhara ya dawa zaidi: kichefuchefu, vipele, ini kulalamika. Mtu aliyeacha dawa wiki ya nne kwa sababu ya kutapika huandikwa kwenye faili kuwa matibabu yameshindwa, na baadaye anahesabiwa upande wa jinsi yake kana kwamba ni mwili wake ulioshindwa.

Halafu kuna swali la kupona ni nini. Kwa mtafiti, aghalabu kupona ni bakteria kutorudi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa mgonjwa, kupona ni kupanda ngazi, kuchuchumaa, kwenda sokoni peke yake. Wanawake huingia chumba cha upasuaji wakiwa na maumivu makali zaidi na goti lililochoka zaidi, na hata wakifaidika sawa na wanaume, huishia pale chini kidogo kwa sababu walianzia chini. Kwenye jedwali moja wamepona sawa, kwenye jedwali jingine wamebaki nyuma.

Swali la tatu: nani anasikilizwa

Kwa nini walianzia chini? Mwaka 2008 watafiti wa Ontario, Kanada, walifanya jambo ambalo mpaka leo linanifurahisha kwa ujanja wake. Walichukua wagonjwa wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, wote wakiwa na goti lililoharibika kwa kiwango sawa. Wakawafundisha kueleza historia ileile ya maumivu. Kisha wakawapeleka kwa madaktari 71, ambao walikuwa wamekubali kushiriki utafiti lakini hawakujua mgonjwa yupi ni wa utafiti. Mwanaume alipendekezewa kubadilishiwa goti na asilimia 67 ya madaktari. Mwanamke, asilimia 33. Goti lilelile, maneno yaleyale.

Utafiti huo haukuhusu maambukizi. Lakini maambukizi ya kiungo bandia ni ugonjwa unaoamuliwa na kalenda. Ukifika ndani ya siku chache tangu dalili kuanza, chuma kinaweza kuokolewa. Ukifika baada ya miezi, kinang'olewa. Mgonjwa ambaye malalamiko yake yanachukuliwa kuwa ni uzee, au kulalamika tu, anapoteza zile wiki za thamani. Naye mwanaume hupoteza wiki zilezile kwa njia yake mwenyewe: anajikaza, anasema ni uchovu, anasubiri hadi kidonda kifunguke.

Huku kwetu

Upasuaji huu unafanyika Afrika Mashariki, kwa mfano taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya Kikuyu nchini Kenya, na wengi bado wanasafiri kwenda India kisha wanarudi kuuguzia nyumbani. Malawi imekuwa na daftari la kitaifa la viungo bandia tangu 2005, jambo la kuigwa, kwa sababu wagonjwa wetu hawafanani na wa Ulaya. Wapo vijana wengi zaidi ambao nyonga zao zimekufa kwa kukosa damu, mfano wale wenye selimundu. Hesabu za wazee wa Uingereza haziwezi kuvaliwa na binti wa miaka 28 kama nguo ya mtumba.

Kuna tabia yetu inayoharibu matibabu ya jinsi zote: goti likivimba tunapitia duka la dawa kwanza. Vidonge vichache vya antibiotiki haviui bakteria walio ndani ya utando, lakini vinatosha kuwaficha maabara wasiote. Madaktari hupenda mgonjwa awe hajatumia antibiotiki kwa angalau wiki mbili kabla ya kuchukua majimaji ya kiungo, isipokuwa hali yake ikiwa mbaya. Kama umeshameza, mwambie daktari ni dawa gani na lini, usione haya.

Na rifampisini tunaijua, ni ileile ya kifua kikuu, inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Daktari makini atahakikisha kwanza huna kifua kikuu, maana kuitumia bila dawa zake nyingine za TB kunaweza kuzaa usugu. Kwa anayetumia ARV za dolutegraviri, dozi ya dolutegraviri hubadilishwa, badala ya mara moja inakuwa mara mbili kwa siku.

Katika dawa hii kuna tofauti moja ya jinsi isiyohitaji utafiti wa wagonjwa 600. Rifampisini hulifanya ini livunje homoni haraka, na hivyo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti vya mkononi, wakati inapotumika na kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa. Yule binti wa selimundu aliyebadilishiwa nyonga anaweza kushika mimba katikati ya matibabu, na kama daktari wa mifupa amezoea wagonjwa wa miaka 70, huenda swali hilo halitamjia kichwani. Aulize yeye. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriwi.